Mgonjwa wa Meneja

Nyumbani kwa mdogo wetu,
Sebuleni, juu ya kiti cha kunyolea,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Nakuletea salamu nyingi kuliko nywele nilizofagia tangu nianze kazi ya kunyoa. Hujambo? Presha imetulia, au bado unaipandisha mwenyewe kwa kusikiliza taarifa ya habari? Goti je? Na shemeji, angali anakohoa kwa makusudi ili aletewe chai kitandani? Mwambie huku amepata mwenzake, tena aliyemzidi ufundi. Tutafika huko.

Sisi hatujambo, kwa maana kwamba tunapumua na tunagombana. Mdogo wetu bado anauguza wagonjwa kwenye wodi ileile ya ugonjwa huu. Amepungua mwili kidogo, lakini ni mzima. Mume wake na lori lake wamekwama mpakani, na kila jioni anapiga simu kuniuliza kama watoto wamekula, kana kwamba mimi nimekuja hapa kuiba chakula chao. Watoto ni wazima wa afya, na uzima wao huo ndio utakaonipeleka kaburini.

Barua yako tuliipata. Najua unachokingoja. Ulisema watoto waje kwako mpaka ugonjwa huu upite, mdogo wetu akakupigia simu akakubali, na shemeji atakuja kuwachukua mwisho wa mwezi. Nina neno juu ya safari hiyo, na limo humu ndani, lakini usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua. Kuna mambo ambayo lazima uyapate kwa mpangilio wake, la sivyo utaniona mwehu.

Duka langu limefungwa kwa amri, na sina lawama, maana hakuna namna ya kumnyoa mtu ukiwa umesimama mbali naye. Mwenye chumba hakutaka kusubiri kodi, kwa hiyo nikahamishia kila kitu hapa: mashine, mataulo, kile kiti kikubwa kinachozunguka, na kioo changu kirefu ambacho wateja wamejidanganyia humo miaka na miaka. Siku hiyohiyo nikakabidhiwa watoto. Nilijiambia kwamba kulea ni kukaa tu. Nyinyi wanawake mlinidanganya kwa kuifanya kazi hii huku mnapiga soga.

Meneja, yule mtoto mkubwa, ulimwacha akitambaa. Sasa ana miaka sita, na jina hilo amelipata kwa haki. Akiamka tu, anagawa kazi. Sukari ikizidi kwenye chai anauliza ni nani aliyeitia, ilhali nyumbani tuko watatu na mmoja wetu ni Kifungo. Huyu Kifungo hujamwona bado. Ana miaka mitatu, ni mviringo, na jina lake limetokana na kitu alichokimeza kutoka kwenye shati langu jema.

Utaratibu wa nyumba ni huu. Mama yao akitoka kazini hapiti mlango wa mbele. Anazunguka nyuma, anavua nguo katika bafu la uani, anaziloweka kwenye ndoo ya sabuni, anaoga, halafu anaingia ile stoo ya nyuma yenye mlango wake. Humo tumemtandikia godoro kando ya baiskeli mbovu, na humo ndimo anamokula na kulala peke yake, ili asije akawaambukiza watoto alichokitoa wodini.

Msimamizi wa utaratibu ni mimi, na niliusimamia kwa bidii yote aliyonayo mtu mwoga. Nilifuta vitasa. Niliosha viatu juu na chini. Nilivisugua vitunguu kwa sabuni ya unga, mchuzi ukatoa povu, na Kifungo akaomba aongezwe. Mama Cherehani, jirani yetu mshonaji ambaye siku hizi anashona barakoa tu, alipopata habari za mchuzi ule alicheka mpaka akajichoma sindano.

Lakini watoto walianza kubadilika, Dada. Kifungo alirudia kukojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa amekwisha kuliacha, na akawa halali bila kuikumbatia kandambili ya mama yake. Meneja hakulia. Meneja alihoji. Alitaka kujua kwa nini Mama anawashika watu asiowajua, na wao hawashiki.

Nikampa jibu ambalo niliona limejaa hekima. Nilimwambia kwamba kwa sasa mama yake ni wa wagonjwa, walio wazima hawana budi kusubiri, kwa hiyo ashukuru kwamba haumwi. Nilijisifu sana. Nilikwenda hata kumsimulia Mama Cherehani juu ya ukuta. Yeye akasema maneno ni mazuri, ila mtoto yule neno likimwingia halitoki hivihivi, niangalie. Sikumsikiliza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwanza tulijaribu kuwakutanisha uani. Mama yao alikaa kwenye kigoda karibu na tangi la maji, sisi tukakaa kwenye mlango wa jikoni, kila mtu na barakoa yake. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda wa kupiga chafya moja. Kifungo akachomoka. Mama yao akainuka akakimbia, mtoto nyuma yake, mimi nyuma ya mtoto, tukalizunguka tangi hata kandambili yangu ikabaki kwenye tope. Mama Cherehani alikuwa juu ya ukuta akishangilia, sijui upande gani.

Tulicheka wote, mpaka Kifungo aliposimama. Alikuwa ameelewa kwamba ule haukuwa mchezo, kwamba mama yake anamkimbia kweli. Alibaki pale na mikono yake imenyooka mbele. Mama yao akaingia stoo akafunga mlango, na habari za kukutana uani zikaishia hapo.

Siku chache baadaye, Meneja hakugawa kazi asubuhi. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Nilimkuta amejifunika blanketi, macho nusu wazi, anakohoa kikohozi kirefu chenye mapumziko ya kuangalia kama nasikia. Nikamgusa paji la uso, lina moto. Nikagusa la kwangu, lina jasho baridi. Akili zikaniruka. Nilimfungia Kifungo jikoni na mkate mzima, nikajifunga taulo la dukani usoni, nikapiga simu wodini na kutangaza, kwa sauti iliyofika mtaa wa pili, kwamba mtoto anatutoka.

Mama yao alikuja na gari la hospitali pamoja na Matroni, mkubwa wao wa wodi, mwanamke mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Walivaa mavazi safi ya kujikinga pale mlangoni, kuanzia kichwani hadi miguuni. Mdogo wetu akapiga magoti kando ya kitanda. Akamshika mtoto paji, mashavu, shingo, akamsugua mikono, akamsikiliza kifuani. Na mgonjwa, Dada, alikuwa amefumba macho akitabasamu kama paka anayeota jua.

Matroni akaweka kipimajoto kwapani. Hakuna homa. Akakitazama tena, akamtazama mtoto, akanitazama mimi na taulo langu, kisha akauinua mto. Chini yake palikuwa na chupa ndogo ya maji ya moto, imevishwa soksi yangu. Maji yenyewe yalitoka kwenye chupa ya chai niliyoijaza mwenyewe alfajiri.

Mama yao hakumgombeza. Alimwuliza tu, taratibu, kwa nini amefanya vile. Meneja akajibu huku akiutazama ukuta.

"Mjomba alisema wewe ni wa wagonjwa. Nikaona na mimi niumwe kidogo. Siyo sana."

Hakuna aliyecheka, hata Matroni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa kuwa walikwisha kufika, Matroni akaamuru tupimwe sote. Kile kijiti, Dada, kinaingia puani kikapita hapo, kikaendelea mpaka kugusa mawazo. Kifungo alipiga chafya akaomba tena, maana yeye huomba tena kila kitu. Meneja alikaa wima akapimwa bila kupepesa macho. Mimi nililia machozi nikamwita marehemu mama yetu kwa jina, na ilibidi Meneja anishike mkono. Majibu yalipokuja tulikuwa wazima wote, isipokuwa heshima yangu.

Jioni hiyo ndipo mdogo wetu alipokupigia simu. Baada ya kukata akaniambia kupitia mlango wa stoo, "Waende kwa Dada. Siwezi kuwa mama ambaye mtoto wake mpaka augue ndipo amwone." Nikamjibu kwamba ameamua vyema. Niliona ni sawa kabisa. Nilianza hata kuzipiga pasi nguo zao za safari.

Ila nyumba ilipoa. Meneja aliviweka viatu vyake kwenye mfuko bila kuambiwa, na tangu siku hiyo hakumwamrisha mtu. Nilikunywa chai yenye sukari ninayoitaka, na hakuna aliyenikaripia. Sikujua kama chai inaweza kuwa chungu namna ile.

Sasa nikupe siri ya kazi yangu. Mteja akiwa kitini hamtazami kinyozi usoni. Anamtazama kwenye kioo, na humo kwenye kioo humwambia mambo asiyomwambia hata mkewe. Ukienda kusimama mbele yake ananyamaza. Nimesikia posa, talaka na ugomvi wa mirathi kwa njia hiyo, bila mtu kunigeukia hata mara moja. Basi nilikuwa nakifuta kioo changu pale sebuleni, Kifungo yuko nyuma yangu kwenye kiti, akanitolea ulimi ndani ya kioo. Nami nikamtolea wangu bila kugeuka. Wazo likanijia, na nikalazimika kukaa, maana mawazo hayanijii mara kwa mara.

Unakumbuka kichochoro kilichoko kati ya nyumba hii na ukuta wa jirani. Dirisha la stoo na dirisha la chumba cha watoto yote mawili yanautazama ukuta huo. Yako upande mmoja wa nyumba, hatua chache tu, lakini aliye kwenye hili hamwoni aliye kwenye lile. Nikamwomba Mama Cherehani ruhusa ya kupigilia misumari ukutani kwake, nikakitundika kioo katikati. Mara ya kwanza nilikiinamisha vibaya, watoto wakaona paa na paka. Mara ya pili wakaona ndoo. Mara ya tatu Mama Cherehani alininyang'anya nyundo, akakiweka sawa, akanirudishia.

Mama yao aliporudi, akaoga, nikamwambia kupitia mlango afungue dirisha tu, asiulize. Akafungua. Mbele yake, kwenye ukuta, akaziona sura mbili zimebanana kwenye nondo. Kifungo akapiga kelele akataka kumrukia kama kawaida yake, nondo zikamzuia. Na mama yake hakuhitaji kukimbia. Alibaki palepale, Dada, akacheka, huku amejishika mdomo. Mimi nilikuwa naangalia kutoka kichochoroni na nyundo mkononi, na sioni haya kukwambia kwamba nililia, safari hii bila kijiti.

Meneja akachukua taulo langu jeupe, akalifunga kichwani, akaanza kazi.

Siku hizi jioni kwetu kuna kliniki. Mama yao akishaoga anafika dirishani, na nesi wake yuko tayari. Umekula nini mchana? Umekunywa maji mangapi? Toa ulimi. Kohoa. Mdogo wetu, ambaye wodini akipaza sauti madaktari wanasogea, anautoa ulimi bila ubishi. Anakula chakula chake chote mbele ya kioo, kwa sababu akisaza lazima aeleze. Nilikuwa namwachia sahani mlangoni naye anairudisha nusu, mimi nikajidanganya kwamba ni mapishi yangu. Kumbe alikuwa hali. Mimi sikuligundua. Nesi aligundua siku ya kwanza.

Kifungo naye ameajiriwa kuwa kipimajoto. Hunyoosha mkono nje ya dirisha kuelekea kwenye kioo na kutangaza namba, yoyote ile, na nesi hupunguza kama imezidi. Asubuhi, mama yake akishaondoka, hunivuta kichochoroni nimwinue abusu kioo pale sura yake ilipokuwa. Habari za kitanda chake sizitaji, nisije nikatia nuksi, lakini shuka hazianikwi tena kila siku.

Juzi mama yao alirudi akakaa dirishani. Walikuwa wamempoteza bibi mmoja aliyekuwa akimwita mwanangu tangu alipolazwa. Aliulizwa amekula nini, hakujibu. Aliambiwa atoe ulimi, hakutoa. Machozi yakaanza kumtoka. Nikaona mambo haya si ya watoto, nikanyoosha mkono nivute pazia, na Meneja akaniondoa mkono kama anavyoniondoa kwenye sukari.

"Lia tu, Mama," akamwambia. "Mimi niko zamu mpaka ulale."

Akalia. Meneja alikaa palepale kwenye kigoda na taulo lake, hakuuliza kitu, hakumwambia anyamaze. Kifungo alisinzia chini ya dirisha. Mama yao alipomaliza akafuta uso, akala, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie stoo alilala na dirisha wazi. Nesi akashuka kwenye kigoda, akaniuliza kama vyombo vimeoshwa. Vilikuwa havijaoshwa. Nilikwenda kuviosha.

Sasa nakuja kwenye lile neno. Jana mdogo wetu aliniambia nimwulize Meneja mwenyewe kuhusu safari, maana yeye akijaribu kuuliza sauti inamkatika. Nikamkalisha kwenye kiti cha kunyolea, nikamgeuzia kwangu, nikamweleza vizuri: Mama Mkubwa anawapenda, nyumba yake ina nafasi, kuna watoto wa kucheza nao, na Baba Mkubwa atakuja kuwachukua. Nilisema yote, Dada, sikukuangusha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazungusha kiti mzunguko mmoja, akarudi.

"Mwambie Mama Mkubwa asante. Lakini nikienda, mgonjwa wangu ataangaliwa na nani?"

Nikasema nitamwangalia mimi. Akanitazama kwa huruma.

"Mjomba, wewe unalia ukipimwa pua."

Nilikwenda kichochoroni kumpa mama yao jibu kupitia kioo. Alinionyesha ulimi, kisha akala chakula chake chote.

Kwa hiyo, Dada yangu, tuvumilie. Moyo wako tumeuona, na siku mambo yakitushinda nitakuwa wa kwanza kukupigia. Ila shemeji asije mwisho wa mwezi. Nguo nilizozipiga pasi nimezirudisha kabatini, na vile viatu vimetoka kwenye mfuko vyenyewe.

Msalimie sana shemeji, umwambie ufundi wake wa kukohoa una mapungufu na Meneja yuko tayari kumfundisha. Wasalimie wanao wote, yule mwanafunzi wa ufundi magari na pacha wake asiyependa kuandika. Msalimie Shangazi, mpigie kelele kidogo ndipo asikie. Mama Cherehani naye anawasalimu, na amewatumia barakoa ambazo zimo humu. Ile yenye maua ni ya shemeji, kwa amri yake.

Mungu awaweke salama nyote, awafungulie mlango kila mlipofungiwa, na atukutanishe tungali na meno ya kuchekea.

Nilikuwa nataka kufunga bahasha, Meneja akauliza kama nimekukaribisha. Nikasema bado. Akasema niandike hivi, nisibadilishe: Mama Mkubwa akitaka kuja anakaribishwa siku yoyote, lakini apite mlango wa nyuma, aoge kwanza, kisha asubiri dirishani mpaka aitwe.

Wako akupendaye,
mdogo wako Kinyozi,
kwa sasa mwosha vyombo wa kliniki.